Kadi ya Simba haikuwa na doa

Mwalimu aliteremka kwenye bajaji saa mbili kasoro asubuhi, Jumatatu ya pili ya Novemba, na mjukuu wake nyuma yake akiwa amembeba mbwa. Mbwa wa ukubwa ule habebwi kama nguvu zake anazo. Pua ilikuwa imezibwa kwa kipande cha khanga, na khanga imelowa damu. Mzee huyu mstaafu huwa ananisalimia kwa Kigogo, anafurahia kusikia ninavyoboronga kuitikia. Siku ile hakusalimia.

"Mwanangu, damu haikatiki. Tangu jana jioni."

Kabla sijamgusa mbwa, alitoa mfuko wa plastiki mfukoni mwa koti na ndani yake kadi ya chanjo, imekunjwa vizuri kama hati ya kiwanja. Miaka mitatu mfululizo, kichaa cha mbwa, hakuna mwaka uliorukwa. "Huyu hajawahi kukosa sindano, Daktari." Alikuwa anasema kweli. Mstari wa mwisho, wa Septemba, una sahihi yangu.

Simba alikuwa dume la miaka sita, mbwa wa kienyeji mwenye damu kidogo ya German Shepherd, mlinzi wa nyumba ya Mwalimu huko Nkuhungu, hapa Dodoma. Nilipomfunua mdomo, fizi zilikuwa nyeupe. Mbwa mzima ukimbonyeza ufizi kwa kidole gumba unaacha alama nyeupe, kisha uwaridi unarudi kabla hujahesabu mbili. Ufizi wa Simba haukuwa na rangi ya kupotea. Tumboni, pale manyoya yanapopungua, kulikuwa na vidoa vyekundu kama vichwa vya pini, na karibu na paja baka la zambarau ambalo hakuna aliyempiga kulipata. Kipimajoto kilisoma 37.4, wakati mbwa mwenye afya huwa kati ya 38.3 na 39.2. Mwili uliokuwa na homa siku za nyuma ulikuwa umeshachoka hata kupata homa. Uzito kilo 24.5.

Kilo 24.5 ni nyingi au kidogo? Nisingeweza kujua, maana hakuna mahali uzito wake ulipowahi kuandikwa. Mwalimu alinionyesha picha kwenye simu, Simba wa mwaka jana amesimama getini, kifua kipana. Lakini kilichoniambia zaidi ni mkanda wa shingoni, kazi ya fundi viatu, wenye matundu sita. Tundu la tatu lilikuwa limepanuka, na ngozi yake imekunjika na kupauka, kwa hiyo ndilo lililotumika miaka yote. Sasa pini ilikuwa kwenye tundu la tano.

"Mlimkaza lini huu mkanda?"

Akajibu mjukuu, kijana wa kidato cha pili. "Wakati wa Nane Nane. Alikuwa anauvua, unapita kichwani."

Miezi mitatu kabla, basi, mbwa alikuwa amekwisha kukonda kiasi cha mkanda kumvuka kichwa, na nyumba nzima ikaona tatizo ni mkanda. Siwalaumu. Mnyama unayemwona kila siku hakondi machoni mwako, anakonda machoni mwa mgeni.

Damu niliyomtoa ilikuwa kama juisi iliyozidishwa maji. Kiwango cha chembe nyekundu kilikuwa asilimia 13, cha kawaida kwa mbwa ni 37 hadi 55. Chembe sahani, zile zinazogandisha damu, zilikuwa 11,000 kwa kila maikrolita moja, na mbwa mzima huwa nazo kuanzia kama 200,000. Chembe nyeupe nazo zilikuwa chini. Aina zote tatu zikishuka kwa pamoja namna hiyo, macho yanahama kwenye pua inayovuja na kwenda kwenye uboho wa mifupa, kiwanda chenyewe cha damu. Kipimo cha haraka kilionyesha alichohisi kila daktari wa mbwa anayefanya kazi kwenye joto la Tanzania: erlikia, ugonjwa wa bakteria unaoletwa na kupe.

Nikamuuliza Mwalimu, "Na yule jike?"

"Tausi? Mzima kabisa. Anakula mpaka bakuli."

"Mlete naye."

Aliniangalia kama mtu anavyomwangalia muuza duka anayemwongezea bidhaa ambayo hakuiagiza. "Daktari, mimi nina mgonjwa mmoja." Lakini alasiri alimleta, na Tausi aliingia akimburuta kijana kwa mnyororo, mkia unapiga miguu ya kiti.

Hapa ndipo kisa chenyewe kilipo. Mbwa wawili, ua mmoja, banda moja, kupe wale wale. Mmoja amelala mezani hawezi kuinua kichwa, mwingine anataka kucheza na paka wa jirani yangu. Ningewapiga picha, ungesema mmoja ni mgonjwa na mwingine ni mzima. Tausi, miaka mitatu, kilo 19.6, fizi nzuri, joto 38.9. Ila nyuma ya magoti matezi yalikuwa yamevimba kuliko inavyopaswa, ukiyabana kati ya vidole unayasikia kama maharage yaliyolowekwa. Katikati ya vidole vya mguu wa mbele kulikuwa na kupe wanne, na ndani ya sikio wengine sikuwahesabu. Chembe nyekundu asilimia 38, hakuna neno. Chembe sahani 96,000. Kipimo cha haraka, chanya.

Bakteria huyu, Ehrlichia canis, huletwa na kupe wa kahawia wa mbwa, na hufanya kazi kwa awamu. Wiki moja mpaka tatu baada ya kuumwa na kupe, mbwa anapata homa, anakataa chakula, anazubaa siku chache. Wengi wanainuka wenyewe. Halafu inakuja awamu ya kimya, ambayo inaweza kuchukua miezi, hata miaka: mbwa anakula, anabweka, anazaa, huku vimelea vikiwa vimejificha na chembe sahani zikishuka taratibu. Baadhi wanafanikiwa kuvimaliza wenyewe. Wengine wanaingia awamu ya tatu, uboho unasinyaa, na kinachoonekana kwanza pengine ni damu puani. Awamu ya kwanza na ya pili zinatibika vizuri kwa dawa ya bei nafuu. Ya tatu mara nyingi haitibiki kwa bei yoyote.

Tausi alikuwa kwenye kimya. Hakuna dalili ambayo ingemleta kwangu. Alikuja kwa sababu mwenzake alikuwa anakufa.

Simba alikufa Jumamosi usiku. Tulimpa dawa, maji ya mishipa, na joto la chupa za maji moto. Kumwongezea damu kungemsogeza siku kadhaa, lakini uboho uliokauka hauamshwi na mfuko mmoja wa damu, na nilimweleza hivyo Mwalimu nikiwa nimeketi naye kwenye benchi la nje. Alinyamaza sana. Kisha akauliza swali ambalo sikutaka kulisikia: "Sasa ile Septemba, wewe hukumwona?"

Nilimwona. Nilikuwa kwenye zoezi la chanjo karibu na ofisi ya mtaa, lile la kuelekea Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, Septemba 28. Foleni ya watoto na mbwa, kamba za katani, nyaya za umeme zilizogeuzwa minyororo, mbwa wanapigana. Mtoto anamshika kichwa, mimi nachoma mgongoni, mwenzangu anaandika kadi, anayefuata. Kila mbwa anapata chini ya dakika moja. Simba alipita pale akiwa amekonda tundu mbili za mkanda, na mimi nikaona manyoya ya mgongo tu.

Nisingependa mtu asome hapa kwamba mazoezi hayo hayafai. Yanafaa mno. Kichaa cha mbwa kikishaanza kuonyesha dalili kwa binadamu, kupona ni kama hakupo, na karibu watu wote wanaougua wamekipata kwa mbwa. Ukichanja asilimia 70 ya mbwa wa eneo, virusi vinakosa pa kupita. Kazi hiyo inahitaji mwendo wa haraka na mbwa wengi, na laiti ningesimama kumpapasa kila mmoja matezi, nusu ya foleni ingerudi nyumbani bila chanjo. Zoezi lile linamlinda mtoto aliyeshika kamba, na mbwa ndiye njia ya kumfikia. Kosa ni la sisi tunaoacha watu waamini kwamba kadi iliyojaa ni cheti cha afya. Mwalimu aliamini, na hakuna aliyemwambia vingine, nikiwemo mimi niliyeweka sahihi.

Turudi nyuma zaidi. Nilipomuuliza kama Simba amewahi kuugua, alisema hapana. Nikauliza kwa njia nyingine: amewahi kukataa chakula? Ndipo likatoka. Januari, mvua zikiwa zimeshika, Simba alilala siku mbili hajagusa ugali. Kijana wa duka la pembejeo akaja na pikipiki, akachoma sindano moja ya oksitetra, dawa ya kuua bakteria, kesho yake mbwa akala. "Alipona," alisema Mwalimu. Kwa maelezo yale, naamini hiyo ndiyo ilikuwa awamu ya kwanza. Sindano ile ni ya ukoo mmoja na dawa sahihi, doksisaiklini, ndiyo maana ilimwinua. Lakini tiba ya ugonjwa huu huenda siku 28, na dozi moja inashusha homa bila kukifuta kimelea. Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003 iliweka Baraza la Veterinari, na kutibu wanyama ni kazi ya waliosajiliwa au kuorodheshwa nalo. Kijana wa duka anajua kuuza. Hakuna aliyemfundisha kwamba mbwa anayekula kesho yake anaweza kuwa ndiyo kwanza ameanza kuugua.

Sasa sikia jambo linalonishangaza kuliko yote. Mwalimu ana ng'ombe huko Mvumi. Mkononi mwake kuna daftari la tarehe za kuogesha, anajua ndigana kali kwa majina yote mawili, ya shuleni na ya kijijini, na ng'ombe wake akiinamisha masikio anaona kutoka upande wa pili wa boma. Kupe anayeleta ndigana kali kwa ng'ombe ni jamaa wa karibu kabisa wa kupe huyu wa mbwa, jenasi moja. Mzee huyu amepigana na ukoo huo maisha yake yote. Lakini mbwa wa mjini kwake alikuwa kama kengele ya getini: mradi inalia, ni nzima. Nilipomwambia hivyo alicheka kidogo, mara ya kwanza wiki ile.

Jumatatu iliyofuata nilikwenda kuona banda. Lilikuwa zuri, tofali za saruji, bati juu, ila halijapigwa plasta. Niliwasha tochi ya simu nikaielekeza kwenye ufa kati ya tofali na fremu ya mlango, usawa wa kifua changu. Mwanzoni unaona giza tu, kisha giza linaanza kutembea. Majike yaliyoshiba yamejibanza kama punje za maharage ya kijivu, na pembeni yao vifaranga vyekundu visivyo na ukubwa wa mbegu ya mchicha. Mjukuu alirudi nyuma hatua mbili. Kupe huyu huupenda ukuta, hupanda juu, na sehemu kubwa ya maisha yake hayuko mwilini mwa mbwa hata kidogo. Anakunywa, anadondoka, anajificha, anajivua, anarudi. Jike moja hutaga mayai kwa maelfu. Ukavu wa Dodoma, unaowashinda kupe wengi, yeye anauvumilia, hasa akipata ufa wenye kivuli. Kwa hiyo kumwogesha mbwa peke yake ni kufuta sakafu huku bomba linavuja.

Mwalimu alikuwa amejaribu. Alimwagia Simba dawa ya josho iliyobaki kwa ng'ombe, kwa kukadiria. Jirani alimshauri aivamektini ya ng'ombe, sindano ya minyoo, nayo kwa kukadiria. Hii ya pili bahati nzuri hakuifanya. Ile chupa imetengenezwa kwa mnyama wa mamia ya kilo, kosa dogo la bomba la sindano linamwacha mbwa akipepesuka au haoni, na kwa kupe haitegemewi. Na kama nyumba ina paka, dawa nyingi za kupe za mbwa zenye pamethrini zinamuua. Tulipiga plasta, tukaziba fremu, tukanyunyiza kuta kwa dawa iliyopimwa, tukarudia baada ya wiki mbili, maana mayai hayasikii dawa ya leo.

Nikiwa pale niliona pia bakuli: mapafu mabichi kutoka kwa mchinjaji, na pembeni ya pafu kifuko cha maji, kama lengelenge. Hicho ni kifuko cha minyoo ya tegu. Mbwa akikila mnyoo unakomaa tumboni mwake, mayai yanatoka na kinyesi, na mtoto anayecheza ua huo huo anaweza kuota vifuko hivyo kwenye ini au mapafuni. Hakuna kipimo cha damu cha kliniki ambacho kingeniambia hilo. Nilimwomba achemshe, na dawa ya minyoo tukaiweka kila miezi mitatu.

Tausi alipewa doksisaiklini, kidonge kimoja cha miligramu 100 asubuhi na kimoja jioni, pamoja na chakula kwa sababu kikikwama kooni kinachoma, siku 28, vidonge 56. Mjukuu alisimamia. Siku ya tisa Mwalimu alipiga simu: mbwa ni mzima, hata mwanzo alikuwa mzima, kwa nini tuendelee? Swali la haki. Nilimkumbusha Januari. Aliendelea. Baada ya mwezi chembe sahani zilikuwa 231,000, na matezi ya magoti nikayatafuta kwa shida. Uzito kilo 20.3. Kipimo cha haraka sikukirudia, kwa kuwa kinasoma kinga ya mwili, na hiyo hubaki muda mrefu hata ugonjwa ukiisha. Wapo wanaokirudia na kumtibu mbwa aliyepona mara tatu.

Mwalimu aliniomba hesabu, na nitaiweka kama nilivyompa. Siku sita za Simba zilimgharimu zaidi ya Sh 200,000, na mbwa akazikwa. Tausi, vipimo na dawa na ziara ya pili, havikufika nusu ya hiyo. Uchunguzi wa kawaida peke yake, bila kipimo cha damu, kwangu ni Sh 25,000. Ningekuwa mwongo nikisema kila mbwa wa Dodoma anahitaji damu yake ipimwe kila mwaka. Anayeishi kwenye kupe, ndiyo. Wa ghorofani mtaa wa Kisasa anayelala sebuleni, sio lazima. Na daktari akikuuzia sindano ya vitamini kila unapokanyaga kwake, muulize ya nini.

Lakini mikono na mizani, hivyo navitetea kwa kila mbwa na kila paka. Mara moja kwa mwaka kwa mnyama aliyekomaa, mara mbili akishafika miaka saba hivi. Watoto wa mbwa ni habari nyingine, wao wanaanza wiki ya sita hadi ya nane na kurudi kila wiki tatu au nne mpaka wiki ya 16, kwa ajili ya chanjo ya parvo, kirusi cha kuharisha damu, na wenzake, na kichaa wanachanjwa wakifika miezi mitatu. Kwa hapa kwetu napenda ziara ya mbwa wa nje iangukie Oktoba au Novemba, kabla mvua hazijatuziba barabara. Mbwa akipandishwa mezani, ninachofanya hakina maajabu: napima, naandika, nafunua mdomo, nabonyeza ufizi, napapasa matezi shingoni na magotini, napekua masikio na vidole, namsikiliza moyo, nauliza anakula nini na analala wapi. Dakika 20. Kilo moja iliyoandikwa mwaka jana ina maana kuliko mashine niliyonayo leo, kwa sababu Simba angekuwa na kilo 31 kwenye karatasi, hata mchanjaji mwenye haraka angeshtuka. Tangu Novemba ile nimeongeza kwenye kadi zangu za chanjo mstari mmoja wa uzito. Kwenye foleni hatupimi, hatuna mizani. Mstari unabaki mtupu, na wenye mbwa wanauliza ni wa nini. Ndipo naanza kuwaeleza.

Mwezi Mei Mwalimu alikuja na Tausi kwa miguu kutoka kituo cha daladala. Alinisalimia kwa Kigogo, nikaboronga, akaridhika. Kabla sijamwelekeza kwenye mizani alitoa daftari la mistari, limepigwa safu kwa rula: tarehe, kilo, kupe waliopatikana, tundu la mkanda.

"Kilo 21.4," alisema. "Nimempima jana kwa mizani ya magunia. Mjukuu alimfunga kwenye kiroba, kichwa nje."

Nikampandisha kwenye mizani yangu ya kidijitali. Ikasoma 21.1.

Mwalimu aliinama akasoma mwenyewe, akanyoosha miwani, akatingisha kichwa. "Daktari," alisema, "mizani yako inaiba."